Kuni Mbichi Hula Moto Wake Zenyewe
Katika nchi za juu za Kenya, kama vile Limuru na Kinangop, baridi huwa kali mwezi wa Julai. Wakati huo mama apulizaye kuni mbichi hutokwa na machozi, na moshi huwadhuru watoto vifuani. Sababu yake ni maji. Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake, na moto hauna budi kuyakausha hayo kwanza kabla ya kuchemsha sufuria.

Basi yafaa kuni zikatwe mwezi wa Desemba, mvua za vuli zikiisha, zipate jua la Januari na Februari. Magogo na yapasuliwe, maana gome huzuia maji yasitoke. Zipangwe juu ya mawe, zisiguse ardhi, na nafasi ziachwe ili upepo upite. Kabla ya masika ya Machi zifunikwe juu tu kwa bati. Ubavuni ziachwe wazi.

Kuni zilizokauka huwa nyepesi, zina nyufa mwishoni, na zikigonganishwa hutoa mlio mkali. Mwenye kuzitayarisha mapema hutumia kuni chache, na watu wa nyumbani mwake huota moto wenye moshi haba.