Kumchagua Mlezi wa Viongozi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza sababu zinazomlazimu mtu aliyekabidhiwa dhamana ya watu, awe mkuu wa shule, mwenyekiti wa ushirika wa tumbaku au mkurugenzi wa halmashauri, kutafuta nasaha ya mwingine. Leo tutazame lililo gumu zaidi, nalo ni namna ya kumtambua anayestahili kutafutwa. Kwani siku hizi hata hapa Kitete, mjini Tabora, haikosekani mialiko ya semina za uongozi yenye nembo za kupendeza na ahadi ya cheti, na mtu asiye na kipimo chake mwenyewe aghalabu humfuata mwenye sauti kubwa.

Mji wetu ulikuzwa na misafara, na misafara hiyo ilikuwa na ilimu yake katika jambo hili. Kirangozi aliyetangulia mbele ya wapagazi kati ya Bagamoyo na Unyanyembe alivaa joho jekundu na manyoya kichwani, na bendera ikapepea mbele, lakini wenye mizigo mabegani hawakumfuata kwa ajili ya mapambo hayo. Walimfuata kwa kuwa alijua maji yako wapi katika pori la Mgunda Mkali, na jinsi hongo, yaani ushuru wa njia, ilivyozungumzwa na watemi wa Ugogo bila ya kuzua vita. Na tena alikwenda kwa miguu yake, hata kiu ilipowashika wao ilimshika na yeye. Kando yake alikuwapo mtongi, mwenye msafara, aliyejua hesabu ya mali, na mganga aliyeulizwa juu ya siku ya kuondoka. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, wala haikuwa busara kumwuliza mganga habari za visima.

Kuchanganya kazi za namna hiyo ndiko kunakowapotosha wengi hivi leo. Mkufunzi hufundisha kundi la watu maarifa yanayojulikana, kama vile kusoma bajeti au kuendesha kikao. Mshauri mwelekezi huajiriwa atazame taasisi na kueleza kasoro zake. Mlezi hukaa na mtu mmoja kwa muda mrefu, akamsikiliza na kumwuliza maswali, mpaka mtu huyo akajua kuamua peke yake. Asiyejua kutayarisha hesabu hahitaji mlezi, na anayeogopa kumkemea msaidizi wake hataponywa na semina ya siku mbili.

Juu ya malezi tunao mfano hapa hapa Tabora. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, shule iliyoanzishwa kwa kuwatazamia hasa wana wa watemi na kuendeshwa kwa desturi za shule kubwa za Uingereza, viranja wakipewa mamlaka juu ya wenzao. Alipomaliza masomo yake Makerere mwaka 1945 alirejea mjini humu, si kwa shule ile iliyomlea, bali kwa Shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, iliyokuwa chini ya Padre Richard Walsh. Akafundisha huko historia na biolojia, huku akishughulika na tawi la chama cha Tanganyika African Association (TAA). Padre Walsh alimhimiza na kumsaidia hata akapata kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Kwa maoni yangu, hapo ndipo inapoonekana tabia ya mlezi wa kweli: alikuwa na mwalimu hodari mkononi mwake, naye akamfungulia mlango wa kuondoka. Mshauri anayekufanya umhitaji zaidi kila mwaka anajijenga mwenyewe.

Na matunda ya malezi yalionekana papa hapa, Januari mwaka 1958, TANU ilipokutana Tabora kuamua juu ya kura tatu, sharti la wakoloni lililomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliona ni fedheha, wakataka uchaguzi ususiwe, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere alisimama mbele yao akawaonyesha kwamba kususia ni kuwaachia wapinzani Baraza la Kutunga Sheria, na hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama cha African National Congress, na TANU ikashinda uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959. Ufasaha peke yake usingetosha siku ile, kwani alikuwa akiwaambia rafiki zake jambo wasilolipenda, tena kwa sababu zinazopimika. Kwa hiyo mwulize mkufunzi yeyote: mafunzo yako yatanizoeza hilo, au yatanifundisha kusema vizuri tu?

Mahali pa kuanzia papo. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi mjini mwetu, na Taasisi ya Uongozi imekuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Lakini jina la chuo halitoshi. Uliza ni nani hasa atakayesimama mbele yako, ameongoza nini, na kwa muda gani. Kisha watafute waliokuwa chini yake, kwa maana wakubwa wake waliona taarifa zake tu, ilhali waliokuwa chini yake waliona mwenendo wake siku ambazo mambo yaliharibika.

Liko jambo moja ambalo watu huona haya kuliuliza, nalo ni siri. Ikiwa mwajiri ndiye anayelipa ujira wa mlezi, basi kabla ya kikao cha kwanza wote watatu, pamoja na anayelelewa, wakubaliane kwa maandishi ni yapi yatakayofikishwa kwa mwajiri na yapi yatakayobaki baina ya mlezi na anayelelewa. Pasipo mapatano hayo, mtu hatasema udhaifu wake, na malezi yatakuwa mazungumzo ya adabu yaliyolipiwa. Mapatano yenyewe, pamoja na kiwango cha ujira na namna ya kuachana kwa heshima, ndiyo tutakayoyaeleza katika sehemu ya tatu.