Israeli ya Biblia na Israeli ya Taarifa ya Habari: Tuwaombeeje Watu wa Nchi Takatifu?



Kila mara vita vinapopamba moto katika Nchi Takatifu, swali moja huturudia tunapokwenda parokiani au tunaposali na jumuiya ndogo ndogo. Wengine huuliza hivi: "Israeli ni taifa la Mungu. Je, Mkristo anaweza kuwaombea Wapalestina bila kwenda kinyume na Biblia?" Wengine huuliza kutoka upande wa pili: "Kwa mateso tunayoyaona Gaza, kwa nini Kanisa bado linawaita Wayahudi ndugu?"

Maswali haya hayaishii kwenye siasa. Yanagusa namna tunavyosoma Neno la Mungu, namna tunavyohubiri, na namna tunavyoishi na majirani zetu Waislamu. Ndiyo maana tumeona vema tuyatazame kwa utulivu.

Jina moja, mambo mawili

Tuanze na lugha yetu. Kwa Kiswahili, watu waliovuka Bahari ya Shamu pamoja na Musa tunawaita Waisraeli. Raia wa nchi ya Israeli ya leo nao tunawaita Waisraeli. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa makundi haya. Sisi tunalo moja. Kila asubuhi katika Masifu tunausali wimbo wa Zakaria, unaomtukuza Mungu wa Israeli. Jioni tunawasha redio na kusikia kwamba ndege za Israeli zimeshambulia mahali fulani. Ni rahisi mtu kudhani kwamba habari ni ile ile, inaendelea tu.

Jambo kama hilo hutokea kwa Wapalestina. Wapo wanaoamini kwamba hawa ndio Wafilisti wa Goliathi. Ni kweli kwamba jina Palestina lina asili katika jina la Wafilisti. Warumi waliliita jimbo la Yudea "Siria Palestina" baada ya kuuzima uasi wa Wayahudi mwaka 135. Lakini kwa wakati huo Wafilisti walikuwa wamekwisha kutoweka kama taifa kwa karne nyingi. Wapalestina wa leo ni Waarabu kwa lugha na utamaduni, Waislamu na Wakristo, ambao familia zao zimeishi katika nchi ile kwa vizazi vingi. Mhubiri anayemfanya mtoto wa Gaza kuwa mjukuu wa Goliathi anakosea historia, na anawafundisha waamini wake kumwona mtoto huyo kama adui.

Tukumbuke pia kwamba raia wote wa Israeli si Wayahudi. Takribani mmoja kati ya kila watano ni Mwarabu, na miongoni mwao wamo Wakristo, hasa katika Galilaya. Mji wa Nazareti, alikokulia Bwana wetu, leo ni mji wa Waarabu ndani ya Israeli.

Kanisa linafundisha nini juu ya taifa la Agano?

Mtakatifu Paulo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 9 hadi 11, anafundisha kwamba Mungu hajalitupa taifa lake na kwamba zawadi zake hazitanguki. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliyachukua mafundisho hayo katika tamko la Nostra Aetate la Oktoba 28, 1965. Tamko hilo linakataa kuwabebesha Wayahudi wote, wa zamani au wa leo, hatia ya kifo cha Kristo, na linalaani chuki dhidi yao. Kwa hiyo Mkatoliki hawezi kuichukia jamii ya Wayahudi, wala kutumia vita vya leo kama kisingizio cha kufufua chuki hiyo.

Lakini tusichanganye mambo. Heshima kwa taifa la Agano haina maana kwamba kila serikali inayotawala Yerusalemu inatenda mapenzi ya Mungu. Manabii wenyewe wanatufundisha hili. Amosi, Isaya na Yeremia waliwakemea wafalme wa Israeli na Yuda kwa kuwaonea maskini na kumwaga damu. Kama wafalme waliopakwa mafuta walikemewa, serikali ya leo nayo inapimwa kwa haki, kama serikali nyingine yoyote duniani. Kipimo hicho hicho kinawahusu viongozi wa Wapalestina.

Tulifikaje hapa?

Mwishoni mwa karne ya 19, Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Ulaya walianza kuhamia kwa wingi Palestina, iliyokuwa chini ya dola la Uturuki. Mwaka 1917 Uingereza, kwa Tamko la Balfour, iliahidi kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi katika nchi ambayo wakazi wake wengi walikuwa Waarabu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Uingereza ndiyo iliyoitawala. Kisha yakaja mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 yaliyofanywa na Wanazi. Kwa waliosalia, kuwa na nchi yao wenyewe lilikuwa suala la kufa au kupona.

Novemba 29, 1947, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa nchi iwe na dola mbili. Viongozi wa Wayahudi walilikubali, Waarabu walilikataa. Mei 14, 1948, Israeli ilitangazwa kuwa dola, na majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia vitani. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, na wengi hawakuruhusiwa kurudi. Wao hukiita kipindi hicho Nakba, yaani maafa. Katika miaka iliyofuata, Wayahudi mamia ya maelfu nao waliondoka katika nchi za Kiarabu walikokuwa wameishi kwa karne nyingi, na wengi wao walipokelewa Israeli.

Mwaka 1967, kwa vita vya siku sita, Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu Mashariki na Ukanda wa Gaza. Tangu hapo Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi wanaishi chini ya utawala wa kijeshi, huku makazi ya walowezi wa Kiyahudi yakiongezeka katika ardhi yao. Mapatano ya Oslo ya mwaka 1993 yalileta matumaini, lakini mwaka 1995 Waziri Mkuu Yitzhak Rabin aliuawa na Myahudi mwenzake aliyeyapinga. Mashambulizi ya kujitoa mhanga yaliua raia wengi wa Israeli, na mwaka 2002 Israeli ikaanza kujenga ukuta unaopita hata ndani ya Bethlehemu. Hamas, iliyoshika Gaza mwaka 2007, ilirusha makombora. Israeli ikaifungia Gaza njia za nchi kavu, bahari na anga, na Misri nayo ikabana mpaka wake.

Oktoba 7, 2023, wapiganaji wa Hamas na wenzao waliingia Israeli, wakaua watu wapatao 1,200 na kuchukua mateka 251. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili Watanzania, waliokwenda huko kwa mafunzo ya vitendo ya kilimo. Vita vya Israeli vilivyofuata Gaza viliua Wapalestina zaidi ya 60,000 kwa hesabu za Wizara ya Afya ya huko, wakiwamo watoto maelfu kwa maelfu. Sehemu kubwa ya miji ya Gaza ikawa kifusi.

Anayeanza kusimulia mwaka 1948 bila kutaja mauaji ya Wanazi anaficha jambo. Anayeanza Oktoba 2023 bila kutaja 1948 na 1967 naye anaficha jambo. Mara nyingi ubishi wetu hutokana na mahali kila mmoja anapoanzia hadithi.

Ndugu zetu tunaowasahau

Tunapogeuza mgogoro huu kuwa vita vya Wakristo na Waislamu, tunawafuta kabisa Wakristo wa Palestina. Hawa hawakuletewa Injili na wamisionari kutoka Ulaya kama sisi. Imani imekuwapo kwao tangu nyakati za Mitume. Leo ni wachache. Bethlehemu, uliokuwa mji wenye Wakristo wengi kuliko Waislamu, sasa Wakristo ni sehemu ndogo, kwa kuwa familia nyingi zimehama kutafuta kazi, usalama na uhuru wa kutembea.

Gaza ilikuwa na Wakristo wapatao 1,000 kabla ya vita. Mamia yao walikimbilia Parokia ya Familia Takatifu, parokia pekee ya Kikatoliki huko. Baba Mtakatifu Fransisko aliipigia simu parokia hiyo karibu kila jioni hadi siku chache kabla ya kifo chake Aprili 21, 2025. Julai 17 mwaka huo huo kanisa hilo lilipigwa na kombora la Israeli. Watu watatu walikufa na paroko akajeruhiwa. Israeli ilieleza masikitiko yake. Siku iliyofuata Kardinali Pierbattista Pizzaballa, Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu, aliingia Gaza kuwafariji waamini.

Mara nyingine, mwamini wetu anapopeperusha bendera akidhani anautetea Ukristo, bendera hiyo ni ya upande uliolipiga kanisa la ndugu yake.

Msimamo wa Kiti Kitakatifu

Kiti Kitakatifu kilitiliana saini na Israeli mkataba wa msingi Desemba 30, 1993, na Juni 26, 2015 kikatiliana saini mkataba na Dola ya Palestina. Kinatambua haki ya Israeli kuishi kwa usalama na haki ya Wapalestina kuwa na nchi yao, na kinaomba Yerusalemu ipewe hadhi ya pekee inayolindwa kimataifa, kwa ajili ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Novemba 22, 2023, Papa Fransisko alikutana siku moja na makundi mawili: familia za mateka wa Israeli, na Wapalestina wenye ndugu Gaza. Aliwasikiliza wote, kila kundi kwa wakati wake.

Sisi tulio mbali

Wazee wetu waliutazama mgogoro huu kwa jicho jingine. Tanzania ya Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyependa Misa, ilishirikiana na Israeli baada ya uhuru. Lakini mwaka 1973 ilivunja uhusiano wa kibalozi na kukiruhusu Chama cha Ukombozi wa Palestina kuwa na ofisi Dar es Salaam. Kwao lilikuwa suala la ardhi na ukombozi, kama la Msumbiji na Afrika Kusini. Siku hizi wengi wetu tunalitazama kama mechi ya dini: Mkristo huku, Mwislamu kule. Kijiweni tunashangilia idadi ya waliokufa kana kwamba ni mabao.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mafrateri na makatekista, mnapofafanua somo la Agano la Kale, waelezeni waamini wazi kwamba Israeli ya somo hilo si serikali ya leo. Pili, kabla ya kusambaza picha au video katika kundi la simu, tujiulize imetoka wapi na itamfanya nani amchukie nani. Tatu, tuikumbuke sadaka ya Ijumaa Kuu. Huenda kwa ajili ya Nchi Takatifu, kutunza mahali patakatifu na kuwasaidia Wakristo wa huko wasome, watibiwe na wapate makazi, ili wasilazimike kuiacha nchi ya Bwana.

Na katika sala ya waamini, tusione aya kuwataja wote wawili: mama wa Israeli aliyemsubiri mwanawe atoke mahandakini, na mama wa Gaza aliyemzika wake bila jeneza. Bikira Maria, binti wa Israeli na mama aliyemlilia Mwanawe Yerusalemu, anawaelewa wote wawili. Tumwombe atuombee, sisi pamoja nao.