Hedifoni ya bei kubwa: Je, sikio linafaidi nini?



Siku moja mama mmoja alikuja kliniki kwetu kupimwa shinikizo la damu. Tulipomaliza kumpima hakuinuka. Akasema, "Sista, naomba ushauri. Kijana wangu yuko chuoni. Anataka hedifoni ya shilingi laki moja na themanini. Anasema hizi za elfu tatu zitamharibu masikio. Nimeshapanga kuuza mbuzi wawili. Je, ni kweli?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulimwomba asiuze mbuzi kwanza, arudi baada ya wiki mbili. Tunadhani wazazi wengi wanaulizwa swali hilo hilo nyumbani, kwa hiyo mwezi huu tunawaeleza tulichokiona.

Tulivyojaribu

Tulikusanya hedifoni nne. Ya kwanza ni ndogo ya kuchomeka sikioni, ya shilingi 3,000, kutoka stendi. Ya pili ni ndogo pia, yenye vipira laini vya kuziba sikio, ya shilingi 20,000. Ya tatu ni kubwa ya kufunika masikio, ya shilingi 60,000. Ya nne haina waya, nayo ni ya shilingi 180,000. Hiyo tuliazima.

Tulikuwa watu wanane: wauguzi watano na wanakwaya watatu. Tulitumia simu moja na wimbo mmoja wa kwaya. Kila mmoja alifungwa macho kwa kitambaa, mwenzake akamvisha hedifoni bila kumtajia bei. Tulihakikisha pia kwamba nguvu ya sauti inalingana. Sikio hudanganyika kirahisi: kinacholia kwa nguvu zaidi huonekana ndicho kizuri zaidi. Wauzaji wengine wanalijua hilo, ndiyo maana hukufungulia sauti hadi mwisho.

Hedifoni ya elfu tatu ilitambuliwa na wote wanane. Besi ilipotea kabisa, na herufi "s" ililia kama mafuta ya moto kwenye kikaango. Tulinunua ya pili kutoka kibanda kile kile, nayo ikawa inalia upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine. Ile ya elfu ishirini ilitushangaza, kwa sababu sauti zote nne za kwaya zilisikika, kila moja mahali pake. Ile ya elfu sitini ilikuwa na besi nzito mno hata ikazifunika sauti za pili. Na ile ya laki moja na themanini? Ilikuwa nzuri. Lakini watano kati yetu hawakuweza kuitofautisha kwa uhakika na ile ya elfu ishirini kwa ubora wa sauti.

Jaribio letu ni la watu wachache, si utafiti. Hata hivyo, wataalamu nao wamepima. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alitoa matokeo ya vipimo vya hedifoni 283. Alilinganisha bei ya dukani na jinsi kila moja inavyotoa sauti nene na sauti nyembamba. Hakuona uhusiano kati ya mambo hayo mawili.

Fedha ya ziada inanunua nini?

Hainunui bure. Mara nyingi inanunua uimara, mito laini isiyoumiza, kutokuwa na waya, na jina la kampuni. Baadhi ya hedifoni za bei kubwa huzima kelele za nje: kinasa sauti kidogo husikiliza mngurumo wa nje, kisha hedifoni hutoa sauti ya kinyume chake, zote mbili zikafutana. Hilo lafaa sana kwa mngurumo wa gari, si sana kwa maneno ya watu.

Kijana alisema kweli nusu

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai ndogo zenye vinyweleo. Hizo ndizo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huziua, nazo kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Sikio halijui bei. Desibeli 90 za hedifoni ya laki moja zinaumiza sawasawa na za elfu tatu.

Kwa hiyo kijana alikosea, lakini si kabisa. Hedifoni isiyokaa vizuri sikioni huingiza kelele za basi na kupoteza besi. Mtu huongeza sauti ili afidie. Hapo ndipo madhara huanzia.

Mama yule alirudi akiwa na kijana wake. Tulimwomba avae hedifoni yake ya elfu tatu na kusikiliza kama anavyosikiliza ndani ya basi. Tuliusikia wimbo tukiwa upande wa pili wa meza. Tulipomuuliza, alikiri kwamba usiku masikio yake hulia kama kengele. Mama yake hakuwa akijua. Tulimwandikia aende kupimwa masikio hospitali ya rufaa. Walinunua ile ya elfu ishirini, na mbuzi hawakuuzwa.

Ukienda kununua

1. Jaribu kwanza, kwa wimbo unaoujua vizuri.
2. Chagua inayoziba vizuri. Jaribu vipira vya ukubwa mbalimbali.
3. Hakikisha pande zote mbili zinalia sawa.
4. Usizidishe asilimia 60 ya sauti ya simu.
5. Ukiongea na mtoto aliyevaa hedifoni, umbali wa mkono mmoja, asisikie, sauti ni kubwa mno. Aipunguze.
6. Barabarani na kwenye bodaboda zivuliwe. Honi haisikiki.
7. Kila mtu awe na zake, azifute mara kwa mara. Usaha wa sikio huambukiza.

Mtoto akisikia mlio masikioni, au akianza kuomba maneno yarudiwe, mleteni hospitali mapema. Msisubiri.

Tunawatakia afya njema hadi mwezi ujao.