Tezi dume: mzee wangu, usiufiche mkojo



Mwaka jana mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtu wa safu ya kwanza, akawa haonekani. Nilipomtembelea nilidhani ni miguu. Baada ya kuzunguka sana akaniambia, "Mwanangu, nguo zangu hazina twahara." Mkojo ulikuwa ukimdondoka mwaka mzima. Hata mkewe alimficha. Kilichomfanya aseme ni maumivu ya mgongo.

Tezi dume anayo kila mwanamume. Iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Umri ukisogea hutanuka na kuibana njia hiyo: mkojo huchelewa kuanza, hukatikakatika, na usiku mtu huamka mara kwa mara. Kwa wengi huko ni kukua tu, si saratani. Saratani yenyewe aghalabu huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na njia ya mkojo, hivyo huweza kukaa muda mrefu bila dalili. Basi aliyefika miaka 50, au 45 ikiwa baba au kaka yake aliugua, azungumze na tabibu kuhusu vipimo, asingoje kubanwa.

Kipimo cha damu huitwa PSA. Kikiwa juu si hukumu. Maambukizi ya mkojo au kuwekewa mpira pia hukipandisha. Tabibu hupima vilevile kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapa ndipo wazee wanapokimbia! Ni dakika moja tu, na kwa haja ya tiba sheria imeruhusu. Saratani huthibitishwa kwa vinyama vidogo vya tezi vinavyopelekwa maabara.

Ikiwa haijatoka nje ya tezi, upasuaji au mionzi huweza kuiponya, na ile ya polepole pengine huangaliwa tu. Ya mzee wetu ilikuwa imefika mifupani. Hapo tiba kuu ni kupunguza homoni ya kiume inayoilisha, kwa sindano za kurudiwa au kwa kuondoa korodani. Njia hii aliionesha Charles Huggins mwaka 1941. Mzee aliposikia korodani, akaondoka. Mkewe ndiye aliyemrudisha, baada ya wiki tatu.

Nisiwafiche: hamu ya tendo la ndoa hupungua, na joto huja ghafla mwilini. Mume na mke waelezwe pamoja kabla. Sindano nazo zikikatika kwa kukosa fedha, homoni hurudi. Mzee alichagua upasuaji, kisha mionzi pale Ocean Road, Dar es Salaam, ikamtuliza mgongo.

Mgonjwa wa namna hii miguu ikikosa nguvu, afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kadhalika mkojo ukiziba kabisa; baadhi ya dawa za mafua husababisha hilo kwa mwenye tezi iliyotanuka.

Kuhusu twahara, ukimaliza haja bonyeza taratibu nyuma ya korodani kuelekea mbele, mabaki yatoke, ndipo ustanji. Asiyeweza kuuzuia, masheikh wametufundisha: wakati wa swala ukiingia ajisafishe, afunge kitambaa, atawadhe kwa kila faradhi na aswali, hata ukidondoka.

Ijumaa iliyopita nilimkuta mzee safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikamuuliza, mbona huku? Akacheka: "Huku ni jirani na choo, daktari."