Je, Wajua? Sikio la Mwanamuziki Halina Spea

Je, wajua kwamba kuku akiharibikiwa na seli za kusikia huota nyingine, akasikia tena? Watafiti walibaini uwezo huo wa ndege katika miaka ya 1980. Binadamu hana bahati hiyo. Kila sikio letu lina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, zilizojipanga ndani ya mfereji uliojizungusha kama gamba la konokono. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo, na ikifa moja, hairudi. Mpiga gitaa hununua nyuzi mpya na mpiga ngoma huwamba ngozi nyingine, lakini hizi haziuzwi popote.

Hatari haitokani na ukubwa wa sauti peke yake, bali na muda pia. Kwa kipimo cha wataalamu wa afya kazini nchini Marekani, sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ikifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Bendi iliyofungulia spika huifikia 100 bila shida, na nani amewahi kuona bendi ya harusini ikipiga dakika 15 ikaondoka?

Mwili una kinga yake, ila ni ya polepole. Ndani ya sikio kuna kamsuli kanakovuta mfupa mdogo kuliko yote mwilini, wenye urefu wa milimita 3 hivi, ili kupunguza kishindo. Kabla hakajakaza sawasawa, pigo la fimbo kwenye ngoma limeshapita.

Wapiga fidla nao mara nyingi huharibikiwa zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ala inalia chini yake, awe mpigaji wa okestra ya Ulaya au wa taarab Unguja.

Kisa kinachopaswa kujulikana na kila kiongozi wa bendi ni cha Christopher Goldscheider, mpiga viola wa Royal Opera House, London. Septemba 2012, kwenye mazoezi ya opera ya Wagner, Die Walküre, aliketishwa mbele kabisa ya wapiga tarumbeta. Sauti iliyomwingia ilivuka desibeli 130. Alikuwa amepewa vizibo vya masikio, lakini havikutosha. Tangu hapo hata kuandaa chakula jikoni kulimlazimu kuziba masikio, na akashindwa kumsikiliza mwanawe, mpulizaji hodari wa ala za shaba, akipiga. Alishtaki, akashinda mwaka 2018, na Mahakama ya Rufaa ikaupitisha ushindi huo mwaka 2019. Mahakama haikukubali kwamba jumba la opera litendewe tofauti na kiwanda eti kwa kuwa kelele yake ndiyo bidhaa yenyewe. Ni uamuzi wa haki kabisa: sikio halijui kama limepigwa na mashine au na Wagner.

Je, wajua kwa nini wanamuziki wengi huvikataa vizibo vya sponji? Hukata sauti nyembamba kuliko nzito, muziki ukasikika kama unatoka chumba cha pili. Mwaka 1988 kampuni ya Etymotic ya Marekani ilileta vizibo vinavyoshusha sauti zote karibu sawasawa, kwa desibeli 15 hivi, na hutengenezwa kwa kufuata umbo la tundu la sikio la mvaaji. Piga hesabu: 100 inakuwa 85, na zile dakika 15 zinakuwa saa 8.

Asiye na uwezo wa kuvinunua asogee. Mahali pa wazi, ukitoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwenye spika, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi, na muda wako wa usalama huzidi mara nne.