Baba, Shika Kushoto!

Wazee walisema: Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Neno hilo lamhusu sana baba atakaye kuipeleka jamaa yake mapumzikoni katika nchi ya kigeni na kukodi motokari huko.

Tuseme baba huyo atoka Lubumbashi kwenda Zambia, kuyatazama maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi utoao ngurumo. Yeye na jamaa yake wamepanda basi, wamevuka mpaka Kasumbalesa, wamefika Lusaka. Toka hapo hata Livingstone ni kilometa 470 hivi, naye ameazimu kuendesha mwenyewe.

Kwetu Kongo twapita kuume, desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji. Zambia hupita kushoto, desturi ya Waingereza. Je, ni jambo dogo? Sivyo. Nchi ya Uswidi ilipoacha kushoto na kushika kuume, tarehe 3 Septemba 1967, ilikuwa imejitayarisha miaka minne, na usiku ule magari mengi yalikatazwa kutembea. Lakini msafiri wetu hubadili upande kwa siku moja, tena peke yake.

Kabla ya kupokea ufunguo, asiwe na haraka. Asome mkataba wote. Aulize: Bima yalipa nini, nami nitalipa nini gari likiumia? Alizunguke gari pamoja na mwenyewe, kila mchubuko uandikwe. Atazame magurudumu, na lile la akiba, na jeki. Kama ataka kuvuka daraja lililo karibu na Livingstone aingie Zimbabwe, aombe kwanza barua ya ruhusa. Pasipo barua hiyo, gari la kukodi laweza kurudishwa mpakani.

Sasa yumo njiani. Usukani uko kuume, naye ataka kuonyesha kwamba apinda. Kumbe, mkono wake wafuta kioo! Watoto wacheka, naye acheka pia. Kosa hilo halimdhuru mtu. Kwenye mzunguko wa barabara, akumbuke kuwapisha watokao kuume, kisha azunguke kama mshale wa saa.

Hatari kubwa haiko mjini, maana katikati ya magari mengi hufuata wenzake. Hatari hungoja mahali pa kimya: ametia mafuta, wamekula, barabara ni tupu asubuhi mapema. Hapo hakuna wa kumwongoza, na mikono iliyozoea miaka ishirini humpeleka kuume pasipo yeye kujua. Aona gari laja mbele yake, upande ule ule.

Kwa hiyo jamaa nzima imsaidie. Kila waondokapo mahali, mama au mtoto aseme kwa sauti: «Baba, shika kushoto!» Baba asione haya kukumbushwa na mtoto wake. Tena wavukao kwa miguu watazame kuume kwanza. Na jua likikaribia kuchwa, wapumzike. Gizani watu na ng'ombe hawaonekani mbali.

Mazoea yana taabu, nayo hayaachwi mpakani pamoja na karatasi. Maporomoko yale yana upana wa meta 1,700 hivi na kimo cha meta 108. Yatawangoja. Afadhali wafike jioni ya kesho wakiwa wote, kuliko kutofika.