Miaka 52 ya Kungoja: Mama na Tumaini la Léopards



Tangu Noeli, watoto kwenye uwanja wa shule wana mchezo mpya. Mmoja anapanda juu ya jiwe, ananyoosha mkono wa kuume, kiganja wazi, ananyamaza. Wengine wanamzunguka, wanamchekesha, wanamtekenya ili atikisike. Akicheka ametoka, na mwenzake anapanda. Ukiuliza huyo juu ya jiwe ni nani, wanajibu wote pamoja: Lumumba!

Hawakuupata mchezo huo katika kitabu cha historia. Waliuona kwenye telefone za wakubwa. Wakati wa Kombe la Afrika lililochezwa Marok, kutoka mwezi wa 12 mwaka 2025 mpaka mwezi wa kwanza mwaka huu, mtu wetu mmoja, Michel Kuka Mboladinga, alisimama katikati ya mashabiki wa Kongo, amevaa suti ya rangi za bendera, ameinua mkono kama sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Kinshasa. Wenzake walipiga ngoma, waliimba, walicheza. Yeye hakutikisika kutoka mwanzo wa mechi mpaka mwisho. Ekipe yetu ikifunga, amesimama. Ikifungwa, amesimama. Dunia nzima ilimpiga picha.

Watoto wameniuliza darasani: Mwalimu, yule baba hachoki? Nilijibu kwamba anachoka, ila amekubali kuchoka. Tangu siku hiyo nimeona ni vizuri tuzungumze hapa, kati ya wamama, juu ya kushabikia na juu ya kutumaini. Maana tarehe 31 ya mwezi huu wa tatu tutangoja tena, na watoto watangoja pamoja nasi.

Tunangoja nini?

Kwa mama ambaye hafuati mpira, nieleze kwa kifupi. Ekipe ya taifa letu, Léopards, yaani Chui, imecheza Kombe la Dunia mara moja tu, mwaka 1974, kule Ujerumani ya Magharibi. Nchi ilikuwa inaitwa Zaïre. Tulikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Kutoka 1974 mpaka 2026 ni miaka 52. Mama aliyezaliwa mwaka ule leo ana wajukuu.

Mwaka huohuo wa 1974 tulionja utamu na uchungu pamoja. Mwezi wa tatu tulishinda Kombe la Afrika kule Misri. Mechi ya mwisho na Zambia iliisha 2 kwa 2, ikarudiwa, tukashinda 2 kwa 0. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika kombe lile, na mpaka leo hakuna aliyefunga mengi kuliko hayo katika Kombe moja la Afrika. Miezi mitatu baadaye, kule Ujerumani, Scotland ilitufunga 2, Yugoslavia ikatufunga 9, Brazil ikatufunga 3. Sisi hatukufunga hata moja. Wachezaji walikuwa na huzuni nyingine pia: pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Nchi zingine ziliwacheka kwa miaka mingi, wakati ndio walewale waliokuwa mabingwa wa Afrika.

Ninawapa wanafunzi hesabu hizi makusudi. Mtoto anaona kwamba 9 ileile inaweza kuwa furaha au aibu, kulingana na upande uliosimama. Na anajifunza kwamba kushindwa kwa mwezi wa sita hakukufuta ushindi wa mwezi wa tatu.

Mlango umefunguka kidogo

Katika safari hii ya kwenda Kombe la Dunia la 2026, tulikuwa karibu kufaulu mapema. Mwezi wa 9 mwaka jana, kule Kinshasa, tuliongoza Senegal 2 kwa 0, halafu tukafungwa 3 kwa 2. Senegal ikachukua nafasi ya kwanza, sisi tukabaki wa pili na kupelekwa kwenye mechi za kutafuta nafasi ya mwisho.

Basi, tarehe 13 ya mwezi wa 11, kule Rabat, tukakutana na Kameruni. Dakika 90 zikaisha 0 kwa 0. Katika dakika za nyongeza kapiteni Chancel Mbemba akafunga. Siku tatu baadaye, Nijeria. Walitufunga mapema sana, Meschak Elia akasawazisha, na baada ya dakika 120 tukafika kwenye penalti. Kocha Sébastien Desabre alimtoa kipa aliyecheza mechi yote, akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Tukashinda 4 kwa 3. Penalti ya mwisho aliipiga tena Mbemba.

Kisha likaja lile Kombe la Afrika la Marok. Tulishinda Benin, tukatoka sawa na Senegal, tukaifunga Botswana 3 kwa 0. Tarehe 6 ya mwezi wa kwanza, Algeria ilitutoa kwa goli la dakika ya 119. Dakika moja tu ilibaki tufike kwenye penalti. Siku hiyo yule baba aliyesimama kama sanamu alionekana akilia. Mchezaji mmoja wa Algeria alimwigiza kwa mzaha mbele ya watu, halafu akaomba msamaha.

Sasa imebaki mechi moja. Tarehe 26 Jamaika na Nouvelle-Calédonie, visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki, wanacheza wao kwa wao. Atakayeshinda atakutana nasi tarehe 31 kule Guadalajara, Mexico. Tukishinda, tunaingia katika kundi moja na Ureno, Kolombia na Uzbekistan, na Afrika itakuwa na ekipe 10. Tukishindwa, tunarudi nyumbani kungoja miaka mingine minne.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Kavumu

Kuna mama atakayesema: Mwalimu, watoto wanalala na njaa, uwanja wa ndege umefungwa, barabara ni ya mashaka, na wewe unatuletea habari za mpira? Swali hilo ni la haki, na sitaki kulipita.

Tarehe 7 ya mwezi wa pili mwaka 2024, Léopards walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, kule Abidjan. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba vinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakavielekeza kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanaambia dunia: kule mashariki watu wetu wanauawa, na ninyi mmenyamaza. Tulifungwa 1 kwa 0 usiku ule. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekimbia na mzigo kichwani, alijua kwamba vijana wale wanaochezea Ulaya hawakumsahau.

Mwaka mmoja na juma moja baadaye, tarehe 14 ya mwezi wa pili 2025, vita ilifika kwetu Kavumu. Kila nyumba inayosoma gazeti hili ina habari yake ya siku zile, na si lazima niziandike. Ninasema neno moja tu. Vita inagawa watu: huyu anamwogopa yule, jirani anapima maneno mbele ya jirani. Darasani ninaona watoto wanaonyamaza kupita kiasi cha umri wao. Lakini ukitaja Mbemba, wote wanainua mikono. Mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi wanabishana juu ya penalti ileile, bila mmoja kumuuliza mwenzake anatoka wapi. Mpira haujengi barabara wala haujazi sufuria, ila unawapa watoto wetu jambo moja wanaloweza kulisema kwa sauti kubwa bila woga. Mwaka huu mambo ya namna hiyo si mengi.

Mama pia ni shabiki

Hapa kwetu, jioni ya mechi, baba anavaa viatu na kwenda mahali pa kuonyeshea mpira. Mama anabaki na vyombo, anasikia tu makelele ya mbali, na anajua matokeo kwa namna baba anavyofungua mlango. Wamama wengi wanapenda mpira, ila wanaona haya kusema. Wale wa Bukavu wanaoijua vita ya Dawa na Muungano kwenye uwanja wa Kadutu wanakumbuka kwamba sauti za wanawake hazikukosekana pale.

Na wasichana wetu wanacheza vizuri. Mwezi wa 11 mwaka 2024, wanawake wa TP Mazembe wa Lubumbashi walichukua Kombe la Mabingwa wa Afrika la wanawake. Waliwashinda AS FAR 1 kwa 0, kule kwao Marok. Wakongomani wachache walipiga kelele siku ile. Binti akikuomba ruhusa ya kucheza baada ya kuteka maji, mkumbushe kazi za shule, kisha mwache aende.

Pesa ya bukari si ya mechi

Kuna upande ambao mama lazima auangalie kwa macho mawili. Kila mechi kubwa inapokaribia, vijana, na hata baba zao, wanaweka pesa juu ya matokeo. Wanaanza na franka 500, kisha 1000, kisha pesa ya unga na sombe, kisha pesa ya likelemba ambayo si yao. Wanaona wanaisaidia ekipe. Chui hawatakimbia haraka zaidi kwa sababu wewe umelala njaa.

Mwenye kucheza kamari ya mechi anataka mpira umlipe usiku uleule. Usipomlipa, anamtukana kipa, anatukana kocha, na mara nyingi anayepigwa ni mke. Wamama tunalijua hilo, na linatupasa kulisema katika mikutano yetu. Mtazame yule baba wa Marok: mechi nne alisimama, na goli la dakika ya 119 lilimliza, halikumfanya ampige mtu. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mtoto wangu wa kiume aione angali mdogo.

Kwa hiyo, wamama wa likelemba, naomba jambo moja: kabla ya tarehe 31, sanduku lifungwe, na ufunguo ukae kwa mama aliyechaguliwa. Asiyekuwa na kikundi, anunue unga wa juma zima mapema. Pesa iliyokwisha kuwa unga haiwezi kuwekwa juu ya mechi.

Usiku wa tarehe 31

Tarehe hiyo ni siku ya pili ya juma. Mexico iko nyuma yetu kwa masaa 8, kwa hiyo mechi ya mchana kule ni usiku mkubwa kwetu. Siku ya tatu asubuhi kuna masomo, na kengele haitamngoja aliyekesha.

Nashauri hivi. Watoto wadogo walale, na waahidiwe kwamba asubuhi wataambiwa matokeo kabla ya kunawa uso. Wakubwa wanaoomba kusikiliza, wasikilize ndani ya nyumba, na mama akiwepo. Kwa hali ya siku hizi hakuna mpira unaostahili mtoto kutembea usiku. Telefone ijazwe moto mapema, na betri za redio zinunuliwe mchana. Majirani wawili au watatu wanaweza kukutana katika nyumba moja kabla ya giza na kulala palepale, kila mmoja na mkeka wake. Chai inatosha. Na tukifunga goli, tufurahi kwa kipimo: kuna wagonjwa, kuna waliofiwa, na kuna watoto wanaoshtuka wakisikia kishindo usiku.

Asubuhi yake, mama, maneno yako ya kwanza yatabaki. Tukishinda, usimwambie mtoto kwamba sasa mambo yote yatakuwa mazuri. Mwambie tu: wamefika, baada ya miaka 52. Atabeba furaha hiyo mpaka shuleni bila msaada wako. Tukishindwa, usimwambie kwamba Wakongomani ndivyo tulivyo. Neno hilo tumelisikia mno, na linaingia ndani ya mtoto kama maji ndani ya udongo. Mwambie walipita Kameruni, walipita Nijeria, walifika mpaka Mexico, na hapo mwingine alikuwa na nguvu zaidi. Mwache alie kidogo. Kisha mpe uji.

Mimi mwenyewe nitakuwa macho na redio ndogo chini ya kikwembe, ili nisiwaamshe walio nyumbani. Somo la hesabu la siku ya tatu limekwisha tayarishwa. Kama tumeshinda, wanafunzi watahesabu siku zinazobaki mpaka tarehe 11 ya mwezi wa sita, Kombe la Dunia litakapofunguliwa. Kama tumeshindwa, watahesabu miaka kutoka 1974 mpaka 2030, na watoto wa darasa la tano watatafuta kila mmoja atakuwa na umri gani mwaka huo.